Maziwa Hai ya Mpandawana

Mpandawana, Gutu
9 Januari 2018

Mpwa wangu Shuvai,

Habari za huko Harare? Sisi tupo, kama na wewe upo. Mvua imenyesha, ng'ombe wanatoa maziwa mpaka mke wangu Sarudzai amekosa vyombo, na afya yangu ni ile ile inayowaudhi maadui. Mama yako naye yupo, anakusalimu. Kidonda cha mguuni hakijafunga bado, ila muuguzi wa zahanati anasema sukari yake imetulia kwa vile vidonge.

Utauliza kwa nini naandika na simu ninayo. Mpwa, simu inakatika kabla sijachangamka. Mtu aliyeendesha lori kutoka Beitbridge mpaka Lubumbashi, aliyekula meza moja na waziri (sawa, na dereva wa waziri), hawezi kueleza mambo yake kwa dakika mbili. Barua hii kondakta wa basi ataileta mpaka mlangoni mwa ofisi yenu, pamoja na kifurushi.

Sasa sikiliza. Hapa madukani kaingia mtu anaitwa Gwenhamo. Suti ya bluu, katika joto hili, na tai kaikaza mpaka macho yanataka kumtoka kama chura aliyekanyagwa. Kapanga chumba nyuma ya duka la mbegu, anauza pakiti za unga. Kila pakiti, anasema, ina bakteria wazuri bilioni hamsini. Wako hai, wamelala tu. Ukiwatia kwenye maji wanaamka, wanaingia tumboni, wanaanza kazi. Kazi gani? Soma kwenye boksi: kuvimbiwa, vidonda vya tumbo, presha, sukari, ugumba, na uchovu wa mawazo. Bakteria gani hao wasio na likizo?

Nilimuuliza mbele ya watu: "Bwana Gwenhamo, hao bilioni hamsini uliwahesabu wewe, au walijipanga mstari wakajihesabu?"

Watu walicheka mpaka mbwa wa mchinjaji akabweka. Yeye akafuta jasho, akasema, "Mzee, hii ni sayansi."

Mzee! Mimi!

Lakini wananunua. Na mama yako ananunua. Dada yangu wa tumbo moja, aliyelelewa kwa maziwa mgando, leo anakoroga unga wa mtu wa tai. Nikamwambia, "MaSibanda, bakteria si tunao wa kwetu? Chungu cha Sarudzai hakijaguswa na sabuni tangu mama yake ampe siku ya harusi. Mle ndani mna ukoo mzima, mna mpaka mababu." Unajua alinijibu nini?

"Wa kwenu hawana boksi."

Basi nimekununulia pakiti moja, imo kwenye kifurushi. Wewe ndiye unayepima vyakula kwenye hiyo Ofisi ya Ukaguzi. Ipime, uniambie.

Ni mimi mjomba wako,
Tavengwa, Shumba wa Gutu, Mfalme mstaafu wa Barabara


Harare
22 Januari 2018

Mjomba Shumba,

Napiga makofi kukusalimu, wewe na mama wa nyumba. Mimi nipo, kama nyinyi mpo. Umri unaoukataa nimeusikia, ila nakumbuka hata kwenye harusi yangu uliomba kiti mapema.

Pakiti tumeipima mara mbili. Boksi linasema bilioni hamsini. Waliokuwa hai hawakufika elfu moja. Waliobaki walikufa kwa joto, labda njiani, labda kwenye hicho chumba nyuma ya duka la mbegu. Na hajaandika ni bakteria gani. Kusema "bakteria wazuri" ni kama kusema "jirani zangu". Jirani yupi? Kuna anayekuletea mboga, na kuna anayekukatia uzio. Sheria yetu inataka aandike jina kamili mpaka la ukoo, na idadi ya watakaokuwa hai mpaka siku ya mwisho ya kuuzwa, siyo siku walipotoka kiwandani wakiwa na nguvu zao. Na akidai wanafanya jambo fulani mwilini, alete utafiti uliofanywa kwa watu wanaokunywa hao hao, kwa kiasi hicho hicho. Akitaja ugonjwa, hiyo ni dawa, ina mlango wake na foleni yake. Huyu hakupita mlango wowote.

Kwa kifupi, Mjomba, mtu huyo anauza makaburi. Chungu cha mkeo kina uhai kuliko ghala lake lote.

Matokeo rasmi yatatoka baada ya wiki mbili. Haya nimekuandikia wewe tu. Mwambie Mama aache ule unga, na asiache vidonge vyake hata siku moja.

Mpwa wako,
Shuvai


Mpandawana
2 Februari 2018

Mpwa wangu, mwanga wa ukoo,

Uko salama? Sisi tupo, tena tupo sana. Mama yako yupo, Sarudzai yupo, na Gwenhamo hayupo!

Jumamosi nilipanda juu ya kreti la soda pale madukani, nikaisoma barua yako. Mpwa, ungekuwepo! Nilipofika kwenye "anauza makaburi", wanawake wakapiga vigelegele. Nilipofika kwenye chungu cha Sarudzai, mke wangu aliyekuwa amekuja kununua chumvi akajifunika uso kwa aibu, kisha akajifunua ili aonekane vizuri. Gwenhamo alikuwa mlangoni. Akasema, "Hiyo si barua rasmi." Nikamwambia, "Na wewe si mtu rasmi, hebu legeza tai ufikirie." Jumanne alfajiri watu wakakuta chumba kitupu. Ameacha boksi moja, kuku wanalalia.

Sasa watu wakaanza kuja nyumbani. "Shumba, hao walio hai tunawapata wapi?" Ningewaambiaje, nendeni? Tumenunua chupa. Kijana wa Masvingo mwenye mashine ya kuchapa katutengenezea lebo, nzuri mno, ina simba, ndiye Shumba wa ukoo wetu, na ng'ombe wanatazamana bila ugomvi. Imeandikwa: MAZIWA HAI YA SHUMBA. YAMETHIBITISHWA HARARE. HUTULIZA SUKARI, PRESHA NA VIDONDA VYA TUMBO. Ugumba nimeuacha, nisije nikaletewa kesi.

Mteja wa kwanza ni mama yako. Anakunywa asubuhi na jioni, na anamwambia kila anayepita kwamba yamethibitishwa na mwanawe.

Nakutumia chupa moja muigongee mhuri. Chupa ya kwanza niliyoituma iliumuka kwa joto la basi, ikapasuka juu ya mapaja ya mchungaji aliyekuwa anakwenda mkutanoni. Alihubiri ananuka zizi. Kwa hiyo hii ya pili nimeichemsha kwanza, kwa adabu, ifike imetulia.

Mjomba wako,
Tavengwa, Shumba wa Gutu, Mwenye Maziwa Hai


Harare
12 Februari 2018

Mjomba,

Salamu kwa wote. Mimi nipo.

Chupa yako imefika imetulia kweli. Haina kiumbe hai hata kimoja. Uliwachemsha, Mjomba. Ulichukua ukoo mzima pamoja na mababu ukawapika, ukabandika lebo ya MAZIWA HAI, ukaniletea mimi nigonge mhuri. Wenzangu maabara walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Mimi sikucheka.

Nilikuandikia wewe tu. Niliandika hivyo hivyo, "wewe tu". Ukapanda kreti.

Harare haijathibitisha kitu. Nilipima unga wa Gwenhamo, nikaukuta umekufa. Hiyo haina maana kwamba ungekuwa hai ungeponya sukari. Na haina maana kwamba maziwa yenu, ambayo yako hai mkiacha kuyapika, yanaponya sukari. Kuwa hai si kuwa dawa. Mimi niko hai, Mjomba, na sijawahi kumponya mtu. Maziwa mgando ni chakula kizuri, nimekua nacho, nakitamani hata sasa hivi. Uza chakula. Sasa hivi wewe na Gwenhamo tofauti yenu ni tai.

Bandua lebo zote. Ukitaka kuuza kihalali nitakutumia fomu na nitakusaidia kuijaza, sentensi moja moja.

Nina swali moja, nijibu hilo hata kama mengine utayaacha: Mama anameza vidonge vyake?

Mpwa wako,
Shuvai


Mpandawana
20 Februari 2018

Shuvai,

Tupo.

Nimesoma barua yako nikamsomea na Sarudzai, akasema, "Huyu ni Shuvai au ni karani?" Nikamwambia ni karani, Shuvai tumemsahau mjini.

Mimi niliyekubeba mabegani mpaka shule siku mto ulipofurika, leo ni Gwenhamo! Nyinyi watu wa makoti meupe mnafurahisha. Bibi zenu walikunywa maziwa ya chungu wakafa na meno yao yote, hakuna aliyewauliza jina la ukoo la bakteria. Leo mtu asiyeweza hata kukamua ng'ombe anakaa kwenye kiti cha kuzunguka, anachungulia kwenye bomba, anatuambia kilicho hai na kilichokufa. Na fomu yenu nimeiona, mwalimu mmoja anayo. Kurasa kumi na nne! Mimi nilivuka mipaka miwili kwa karatasi moja, nayo ilikuwa imelowa.

Mama yako anakwenda zahanati kila mwezi, namwona mwenyewe akirudi na mfuko wa vidonge mkononi. Ndiyo jibu lako.

Usiniandikie tena mpaka ukumbuke wewe ni mpwa, siyo serikali.

Shumba


Mpandawana
4 Juni 2018

Shuvai, mpwa wangu,

Natumaini ulifika salama na baridi hii. Sisi tupo hivyo hivyo.

Siku zile nne ulizokaa hospitali ya misheni ukimuuguza mama yako sikukutazama usoni. Najua uliona. Nilikuwa nazunguka nje nikijifanya natafuta kuni za kuchemshia maji ya chai. Wewe ulidhani ni kwa ajili ya ile barua yangu ya ujinga. Siyo hiyo. Kuna jambo sikuweza kulisema karibu na kile kitanda, mguu wa mama yako ukiwa umekatwa, umeishia pale kwenye kifundo.

Ulipoondoka, Sarudzai alikwenda nyumbani kwake kumsafishia chumba kabla hajaruhusiwa. Chini ya kitanda akakuta kitambaa cha kichwa kimefungwa fundo. Ndani mna vidonge. Vya Februari, Machi, Aprili na Mei, hakuna hata pakiti iliyofunguliwa. Alikuwa anavipokea zahanati ili asimuudhi muuguzi, anashukuru kwa magoti, anarudi navyo nyumbani anavifunga kwenye kitambaa. Kisha anakuja kwangu kuchukua chupa.

Mimi nilimwona na mfuko mkononi, nikakuandikia kwamba hilo ndilo jibu. Sikuuliza kama anameza. Mtu ninayeuliza mpaka bakteria kama wamejihesabu, dada yangu sikumuuliza.

Na kuna zaidi. Siku ile juu ya kreti sikuisoma barua yako yote. Ule mstari wa mwisho, kwamba asiache vidonge hata siku moja, niliuruka. Watu walikuwa wanapiga vigelegele, na mstari ule haukuwa na utamu wa kusomea watu. Mama yako alikuwa amekaa mbele kabisa. Nikakunja karatasi, nikasema, "Harare imesema: kilicho hai ndicho kinachoponya." Hukuandika hivyo. Nilikitoa hewani, palepale, kikanoga.

Jumatano ameruhusiwa. Yuko kwangu. Ameletewa vidonge vipya na hamezi hata kimoja. Daktari amesema wazi, akiendelea hivi mguu wa pili utafuata, na baada ya hapo hakuna cha kukata. Nikimwambia, ananijibu, "Shuvai alishaandika. Mguu ni kwa sababu nilichelewa kuanza maziwa." Lebo nimezibandua zote, chupa nimezirudisha. Hilo nalo limemfanya aseme natishwa na watu wa dawa.

Nifanyeje, mpwa?

Mjomba wako,
Tavengwa


Harare
10 Juni 2018

Mjomba,

Mimi nipo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na nilipomaliza nilikuwa bado nimesimama, watu wa ofisini wananipita.

Nilimpigia Mama jana. Nilimwambia kila kitu: kwamba sikuandika hivyo, kwamba maziwa hayatibu, ameze vidonge. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Mwanangu, najua. Wakubwa wako wamekutisha. Ulipoandika mara ya kwanza ulikuwa huru." Nikaanza kulia, akanibembeleza. Yeye, ananibembeleza mimi.

Sasa nitakuambia, na nina haki ya kukuambia, maana mpwa ndiye pekee kwenye ukoo anayeruhusiwa kumsema mjomba mpaka mwisho na mjomba asikasirike. Wewe ni mtu mdogo sana, Mjomba. Gwenhamo alikuja kutafuta riziki kwa uongo alioununua mahali. Wewe ulitunga wako bila hata kulazimika, kwa ajili ya vigelegele. Ulichukua jina langu ukalibandika kwenye chupa pamoja na simba wako mjinga na ng'ombe wake. Ukaruka mstari mmoja tu niliouandika kwa ajili ya mama yangu, kwa sababu haukuwa na utamu. Siku zote tumekucheka na kusema, "Ah, Shumba huyo, anaongeza chumvi tu." Tulikosea sote. Tulikulea vibaya.

Na mimi sijisafishi. Lile neno la makaburi, lile la chungu kuwa na uhai kuliko ghala, halikuwa matokeo ya maabara. Nililiandika kwa kujifurahisha, nikijua utacheka. Mtu wa kazi yangu haandiki hivyo. Na matokeo hayakuwa yangu kuyatoa kabla ya wakati. Nimekwenda mwenyewe kwa mkuu wangu nikamweleza. Nimeondolewa maabara, napanga mafaili. Ni haki.

Umeuliza ufanyeje. Mimi ni mtoto wake, siwezi kumwamrisha. Wewe ni mdogo wake, huwezi kumwamrisha. Hakuna anayeweza kumwamrisha MaSibanda, unajua. Lakini mimi haniamini kwa sababu anadhani nimetishwa. Wewe anajua hutishwi na mtu, umetumia miaka sitini kumwambia hivyo. Kwa hiyo chuchumaa mbele yake upige makofi, kama mkwe aliyekuja kuomba radhi, mbele ya mke wako na watoto wako. Umwambie ulichofanya. Usimwambie kuhusu bakteria. Usimwambie kuhusu sheria. Mwambie ulichofanya wewe.

Shuvai


Mpandawana
17 Juni 2018

Mpwa wangu Shuvai,

Natumaini upo. Sisi tupo.

Nimefanya leo, baada ya kanisa. Walikuwepo Sarudzai, watoto wote watatu, na mama yako kwenye kiti cha kukunja, mguu umefunikwa blanketi. Vidonge vilikuwa kwenye kisahani pembeni yake, tangu asubuhi.

Nilichuchumaa nikapiga makofi. Akaniuliza, "Nani amekufa?"

Nikaanza. Nikasema, "Dada, unajua mimi nimeendesha lori nchi tatu, na katika nchi zote hizo..." Akainua mkono. "Anza upya."

Nikaanza upya. Nikasema, "MaSibanda, siku ile madukani, na wewe ulikuwepo, ulimwona yule chura wa tai..." Mwanangu mkubwa akacheka. Mama yako hakucheka. "Anza upya, Tavengwa."

Nikamweleza mstari nilioruka, nikamweleza nilichokitoa hewani, nikasema, "Lakini nilikuwa nakutakia mema, maana moyo wangu..." 

"Sikukuuliza moyo wako," akasema. "Anza upya."

Sarudzai alikuwa anatazama chini. Kisha nikasema, "Dada, Shuvai aliandika usiache vidonge. Mimi nilidanganya."

Akaniangalia. Alisubiri aone kama kuna nyongeza. Alisubiri sana, mpwa. Haikuwepo.

Akavuta kisahani, akaomba maji.

Mjomba wako,
Tavengwa